Kicheko cha Nangondo

Jesitala Nkhwazi alikuwa mke wa kuja pale Mkwichi, na mke wa kuja hata akiota mvi kijijini bado huitwa wa kuja. Mumewe, marehemu Biliati, alimtoa kwao Phalombe, chini ya mlima, akamleta kwa watu wake upande wa Dedza. Huko mwanamume ndiye anayemfuata mke kwao, si mke kumfuata mume, kwa hiyo watu walinung'unika kwanza, kisha wakazoea. Biliati alipokufa, wengi walitazamia mjane afunge virago arudi kwao. Hakurudi. Binti yake wa pekee, Tionge, alikuwa ameolewa mbali, kwenye mashamba ya chai, na mama mtu aliona heri abaki na shamba lake la bondeni, lile ambalo Biliati alilifyeka kwa mkono wake kando ya kijito, ambalo hata kiangazi likikausha kila kitu lilitoa mboga za maboga na mahindi mabichi. Siku za soko aliuza togwa. Siku nyingine alilima.

Kilichomfanya apendwe ni namna alivyoweza kuwa mtu mwingine. Angemwona karani wa soko akipita na tumbo lake mbele, angeinuka tu, akavuta pumzi, akapita nyuma yake, na wanawake wote sokoni wangeona makarani wawili. Alimwiga padri akipenga kamasi. Aliiga mbuzi wa jirani. Hata msibani, watu wakishazika na kunawa mikono, kuna aliyenong'ona, "Mama Tionge, tutoe machozi basi," naye akawatoa kwa kicheko.

Wyson Tembenu ndiye aliyemtia kwenye maigizo. Wyson alikuwa fundi cherehani, mwenye mashine yake kibarazani pa duka la sokoni, mtu mwembamba wa maneno mengi, na jioni alikusanya vijana na akina mama akawafundisha michezo aliyoitunga mwenyewe. Kikundi alikiita Tiyeseko, yaani na tujaribu.

"Mama Tionge," alimwambia siku moja akiwa na pini mdomoni, "utakufa na mali yote hiyo tumboni?"

"Mali gani, fundi, na mimi naogea majivu?"

"Hiyo ya kuiga watu. Njoo jioni. Nina mama mkwe anatafuta mtu wa kumcheza."

Akaenda. Akacheza mama mkwe, akacheza mlevi, akacheza muuguzi mwenye dharau. Watu wakaanza kuuliza kabla ya mchezo, "Mama wa togwa yumo?" Kama hayumo, wengine walirudi nyumbani.

Kisha Wyson akatunga *Kiti cha Mjomba*. Ilikuwa hadithi ya kijana aliyekuwa na uchu wa uchifu. Kule kiti cha chifu hakirithiwi na mwana, hurithiwa na mpwa, mtoto wa dada. Na mpwa wa kwenye igizo aliona mjomba wake hafi upesi. Akaenda kwa bibi kizee wa porini, jina lake Nangondo. Nangondo akamwahidi kiti, akapanda ungo usiku, akaruka kwenda kuunyonya uhai wa mjomba. Mwishoni kijana alikalia kiti na hakuweza kuinuka tena. Alikufa amegandia pale. Fundisho lilikuwa wazi, na hata katekista alilisifu.

Nangondo alikuwa Jesitala. Wyson aliupaka ungo rangi nyekundu chini, akauweka juu ya kibao kilichoshikiliwa na vijana wawili nyuma ya pazia, na Jesitala aliketi juu yake, kitenge kimempwaya mabegani, akacheka. Kicheko hicho hakuna aliyekuwa amekisikia kabla. Kilianza kama kikohozi, kikaingia ndani kama mtu anayevuta maji kwa mrija, kikatokea tena juu, chembamba, kikakatika ghafla. Watoto walijificha mapajani mwa mama zao. Watu wazima walipiga kelele, kisha wakacheka wenyewe kwa aibu.

Kwenye kijiji kimoja cha jirani, kibao kilivunjika katikati ya safari ya ungo. Vijana nyuma ya pazia wakaduwaa. Jesitala, badala ya kukimbia, alishuka taratibu kana kwamba ungo umetua, akaingia katikati ya watazamaji akiwa amekunja mgongo, akamnyooshea kiganja mzee mmoja, akamwuliza kwa sauti ya Nangondo, "Na wewe, mwanangu, unataka kiti cha nani?"

Uwanja ulilipuka. Mzee yule alikimbia, akarudi akicheka, akamtunza noti kiganjani. Wyson alikuwa anaruka nyuma ya pazia. "Hiyo usiiache! Kila mahali, fanya hiyo!"

Akawa anafanya kila mahali. Na ladha yake aliijua mwenyewe. Yeye aliyekuwa akimpisha njia kila mtu, mke wa kuja, muuza togwa, akiwa Nangondo aliwaona wanaume wenye ng'ombe na baiskeli wakijikunyata asiwafikie. Alikuwa akichagua. Alipita mbele ya mmoja, akamwacha, akarudi kwa mwingine, na moyo wake ulijaa kama mtungi chini ya bomba.

Kijijini wakaacha kumwita Mama Tionge. "Nangondo, nimiminie togwa, lakini toa kwanza mguu wa mtu humo!" wanawake walisema, wakanywa, wakaomba tena. Watoto walimkimbia wakicheka. Naye aliwachekea kile kicheko, wakafurahi kufa. Ulikuwa utani, na utani mtamu.

Chifu Mkwichi mwenyewe alilipenda igizo kuliko wote. Alikuwa mzee mnene mwenye miguu ya kuvimba, presha imempanda miaka mingi, na alikaa kutwa uani, mguu mmoja juu ya kigoda. Mavuno yalipokwisha aliagiza Tiyeseko waje kucheza kwake, ukoo wote uwepo. Akachinja mbuzi. Watu wakala nsima, ugali wa kule, na nyama wakashiba, jua likiwa bado liko juu, kisha wakapanga mikeka.

Pembeni ya chifu aliketi mpwa wake Lifati, mtoto wa dada yake mkubwa. Lifati alikuwa na kinu cha kusagia mahindi, viatu vya kung'aa, na sauti ya mtu aliyezoea kusubiriwa. Kila mtu alijua kiti kitakuwa chake siku ikifika. Wyson fundi pia alikuwa mpwa, wa dada mdogo, lakini nani angempa fundi cherehani kiti?

Mchezo ukaenda vizuri. Ungo ukaruka. Jesitala akashuka, akaingia kwa watu, kiganja mbele. Alimpita katekista. Akampita muuza chumvi. Aliona macho ya watu yakimtangulia, yakienda kule alikokuwa bado hajafika, na akajua wanataka aende wapi. Angeweza kugeukia kwingine. Alijua hivyo wakati ule ule, na baadaye alilijua zaidi. Lakini uwanja mzima ulikuwa umemshika mkono unamvuta, na hakuna aliyewahi kumvuta hivyo maishani mwake. Akasimama mbele ya Lifati.

"Na wewe, mwanangu, unataka kiti cha nani?"

Halafu vicheko vikapasuka. Chifu ndiye aliyecheka zaidi; alicheka mpaka machozi, akakohoa, wakampiga mgongoni, akasema, "Ha! Mjibu, mpwa wangu, mjibu bibi!" Lifati naye akacheka. Akatoa noti, akamwekea mwigizaji kiganjani, watu wakapiga makofi. Meno yake yalikuwa nje, ila macho yalikuwa yanamtazama Jesitala kama mtu anayejaribu kukumbuka sura.

Chifu Mkwichi alianguka bafuni kabla hata mahindi ya mavuno yale hayajaisha kupukuchuliwa. Alikuwa anaoga asubuhi. Waliposikia ndoo inagonga, walikimbia wakamkuta amelala upande, na hakusema tena.

Msiba ulikuwa mkubwa. Wachezaji waliovaa vinyago walicheza, ngoma zikalia, wakaja machifu wa kila upande. Lakini kwenye mafiga, kwa wanawake waliokuwa wanasonga nsima ya wageni, maneno yalianza kuchemka kabla ya maji.

"Wewe, si alilipa?"

"Nani?"

"Lifati. Mbele yetu sote. Aliulizwa unataka kiti cha nani, akatoa noti."

"Shh! Ilikuwa mchezo."

"Mchezo ndiyo. Na chifu yuko wapi?"

Maneno yalipofika kwa wanawake wakubwa wa ukoo, wale ambao ndio huchagua chifu, yalikuwa yameota miguu na mikono. Wakasema hawatamsimika mtu mpaka jambo lizungumzwe barazani. Lifati akaona kiti kinamtoka akiwa amekishika mguu.

Alimjia Jesitala asubuhi moja, peke yake, na pakiti ya sukari. Jesitala alikuwa anatwanga. Akamtolea kigoda, akapiga magoti kumsalimu, kama desturi.

"Umeamkaje, mama?"

"Nimeamka, baba. Sijui nyie."

"Sisi tumeamka na maneno." Lifati aliweka sukari chini. "Mama, wewe uliniweka mahali pabaya. Sasa unitoe."

"Baba, ule ulikuwa mchezo tu. Kila kijiji nauliza vile vile. Ulizia."

"Najua. Mimi najua. Lakini watu wanataka mtu." Alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto bei ya kusaga. "Nani aliutunga ule mchezo? Wyson. Wyson ni mtoto wa dada, kama mimi. Akaandika habari za mpwa anayeua mjomba. Kwa nini? Nyumba nyingine zote duniani hazina hadithi? Barazani utasema neno moja. Utasema Wyson alikutuma usimame mbele yangu, na alikupa dawa ya kupaka kwenye ungo, wewe hukujua ni ya nini. Wewe ni mama wa watu, ulitumwa. Watakupa maji ya kuoga, wakuchanje chale mbili tatu, yaishe. Utakaa kwako. Na lile shamba la bondeni, ambalo shemeji zako wanalinyemelea, nikiwa chifu nitasema ni lako mpaka ufe."

Jesitala alishika mchi, hakutwanga.

"Na nikisema sijui?"

Lifati akainuka, akajipangusa suruali. "Hapo mama, mimi sitakuwa na la kufanya. Watu wanataka mtu."

Alipoondoka, Jesitala alikaa chini. Asingekuwa mwanadamu kama asingeyapima maneno yale. Aliona shamba, na maboga yake, na uzee wake ukikaa pale bila kusukumwa. Aliona pia Wyson, pini mdomoni. Wyson alikuwa kijana, alikuwa wa ukoo, angeweza kukimbilia Lilongwe na cherehani yake, ulimwengu haungemwishia. Akajikuta tayari anayasema maneno yale kichwani, na anayasema vizuri, kwa sauti ya mama mjinga aliyetumwa, na akaona jinsi watu wangemwamini. Hapo ndipo alipoogopa. Alivaa kitenge kizuri, akaenda sokoni kwa Wyson, akamweleza yote.

Wyson aliacha kupiga cherehani.

"Alisema hivyo? Dawa kwenye ungo?"

"Alisema. Na mimi sitasema, fundi. Lakini jiandae."

Wyson akamshika mkono kwa mikono miwili. "Mama Tionge, Mungu akuone. Usiogope. Mimi nilitunga, mimi nitasimama niseme ni mchezo. Tutasimama pamoja."

Alirudi nyumbani akitembea wepesi. Hakujua kwamba jioni ile ile Lifati alipita pia kwenye kibaraza cha fundi.

Baraza lilijaa kama siku ya mgawo wa mbegu. Mzee wa ukoo, Kamtengeni, alifungua kwa sala, kisha akampa Lifati nafasi. Lifati hakufoka. Alivua kofia.

"Mimi ni mtoto wa nyumba hii. Nimelia kwa ajili ya mjomba wangu kuliko mtu yeyote. Mnasema nilitoa noti. Nilitoa, mliona. Nilimtunza mwigizaji, kama nyie mnavyotunza. Sasa kama kuna mtu aliichukua noti yangu akaenda kuifanyia kazi yake nyingine, kosa langu mimi ni lipi?"

Watu wakatazamana. Ilikuwa hoja. Vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, kuelekea upande wa wanawake, alikokaa Jesitala karibu na wifi yake, Nachisale, dada wa marehemu Biliati.

"Fundi," alisema Mzee Kamtengeni, "mchezo huu ulitunga wewe?"

Wyson alisimama. Alikuwa ameshika kofia tumboni, anaizungusha.

"Nilitunga mimi, wazee wangu. Mpwa, mjomba, kiti, mpaka ungo, ni mimi. Ni mafundisho. Katekista ni shahidi." Akaizungusha kofia tena. "Lakini yale ya kushuka kwenye ungo, kwenda kuwauliza watu... sikuyaandika mimi. Hayamo. Alianza mwenyewe siku moja."

Baraza likanong'ona.

"Na kile kicheko," Wyson aliendelea, sasa anasema haraka kama anayetaka kumaliza kumeza dawa, "sikumfundisha. Nilimwambia tu acheke. Sijui alikitoa wapi."

Akakaa. Hakumtazama.

Kilichomuumiza Jesitala zaidi ni kwamba hapakuwa na uongo hata mmoja ndani ya maneno yale. Angembishia wapi?

"Mama Tionge," Mzee Kamtengeni akasema, na sauti yake haikuwa mbaya, "simama utuambie. Kicheko kile ulikitoa wapi?"

Alikitoa kwa bibi yake, mama wa baba yake, kule Phalombe, kikongwe asiye na meno aliyempenda kuliko watu wote, ambaye akicheka pumzi ilimpalia akavuta hewa kwa kelele, na watoto walimchekesha makusudi wapate kuisikia. Hicho tu. Jibu lilikuwa limefika kwenye ulimi wake. Kisha akaona litakavyopokelewa: kumbe uchawi ni wa ukoo, kumbe aliurithi. Angemtoa bibi yake kaburini amvishe ungo.

"Nilikibuni," alisema.

"Alikibuni!" sauti ya mwanamume ilitoka nyuma. "Kicheko kinabuniwa?"

"Jamani, mimi ni muuza togwa. Mnanijua. Mnakunywa mikononi mwangu kila soko. Ule ni mchezo. Nimecheza mlevi pia, mbona hamsemi nalewa?"

"Aa, anaanza!" akasema mwanamke mmoja, ambaye alikuwa rafiki yake. "Msikilizeni alivyo mtamu."

Machozi yakamtoka. Hakuyaita, yalikuja. Mtu akacheka, mwingine akasema kwa sauti ya anayejua mambo, "Hata alipocheza mama mkwe alilia hivi hivi. Nilikuwepo. Na mimi nikalia."

Basi Jesitala akajua amekwisha. Akinyamaza, mchawi ana kiburi. Akilia, anaigiza. Alitafuta ndani yake uso ambao hajawahi kuutumia mbele ya watu hawa, sauti ambayo hawajawahi kuilipia makofi, hakuipata. Alisimama pale na mikono yake, hajui aiweke wapi. Hata kusimama kwake kulikuwa kama kwa mtu anayesubiri zamu ya kusema.

Vijana wakauleta ungo mwekundu kutoka nyumbani kwa Wyson. Mmoja alikuwa miongoni mwa wale wawili waliokuwa wakishika kibao nyuma ya pazia. Sasa aliushika kwa ncha za vidole. Wakautupa katikati. Mtu akasema aitwe mganga wa ng'ambo ya mto aje amnyoe nywele kumtoa uchawi. Mwingine akasema mganga wa nini, kila kitu si kiko hapa. Mzee Kamtengeni alipiga fimbo chini, akapiga tena, lakini baraza lilikuwa limeshampita. Lifati alikuwa amekaa, kofia magotini, kama mtu aliyeko msibani.

Nachisale ndiye aliyemshika wifi yake mkono. "Twende," alisema kwa meno. "Usikimbie. Tembea kama unaenda chooni." Wakatoka upande wa migomba. Walipofika njia ya bondeni walisikia kelele zinaelekea kwenye nyumba ya Jesitala, kisha wakaona nyasi za paa zikirushwa juu, fungu baada ya fungu. Jesitala alisimama.

"Mtungi wangu wa togwa," alisema.

"Mtungi!" Nachisale alimvuta. "Wewe mwanamke, tembea!"

Kituo cha polisi kilikuwa mbali, kwenye barabara kuu. Askari wa zamu alisikiliza, akaandika majina, akatikisa kichwa. "Sheria haitambui uchawi, mama. Anayekuita mchawi ndiye mwenye kosa." Jesitala alishusha pumzi kwa mara ya kwanza siku ile. "Lakini leo," askari akaendelea, "kwa usalama wako, utalala humu ndani." Akamfungulia mlango wa mahabusu.

Walimpa uji na blanketi, hawakumnyanyasa. Asubuhi wakaja askari wengine wawili wa kubadilishana zamu. Mmoja alimtazama kwenye nondo, akamtazama tena, uso ukachanua.

"Si Nangondo huyu? Wewe, huyu ndiye Nangondo! Walicheza pale sokoni siku ile, nilikuambia!" Akainama. "Mama, samahani. Hebu kidogo tu. Kile kicheko. Mwenzangu huyu haamini."

"Baba, niacheni."

"Kidogo tu, mama. Hapa hakuna mtu wa kukudhuru."

Alisema kwa wema. Ndiyo maana ilikuwa vigumu. Walikuwa wameshika ufunguo, uji, na majina aliyoandikisha jana. Jesitala alivuta blanketi mabegani, akacheka. Kilitoka chote, kikohozi, mvuto, na ile ncha nyembamba ya juu. Askari walipiga makofi, wakashikana mikono. Yeye akageukia ukuta.

Majina aliyoandikisha hayakwenda popote. Lifati alisimikwa, akavalishwa, akala kiapo. Na mkubwa wa kituo alikuwa miongoni mwa wageni. Shamba la bondeni likachukuliwa na shemeji zake. Nachisale ndiye aliyemletea habari pale kituoni, akija na kitenge kimoja na sufuria, vitu pekee alivyoweza kuviokota. Wyson, alisema, anashona sare za walinzi wa chifu. Alikuwa amemtuma amwombee msamaha.

"Alisema nini hasa?" Jesitala aliuliza.

"Alisema hakusema uongo."

"Kweli. Hakusema."

Akapanda basi la Phalombe, kwa kaka yake, Sailesi. Kaka alimpokea vizuri, akamkatia kichumba nyuma ya nyumba. Mke wa kaka, Mama Ulemu, alimpokea kwa nsima na kunde na maneno mafupi. Hakuna aliyeuliza kilichomtoa Mkwichi. Hilo lilimwonyesha kwamba wanajua. Habari zilikuwa zimepanda basi kabla yake. Jesitala alilima, alichota maji, alipita pembeni. Mtu akimwomba amwige fulani, alisema amesahau.

Mvua za kwanza zilipoanguka, mtoto wao mdogo, Ulemu, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, akashikwa na homa. Asubuhi alikuwa anacheza na maganda ya mahindi. Mchana mwili ulikuwa moto, macho yamegeuka. Jesitala alitoka kichumbani kwake na maji ya baridi na kitambaa. Mama Ulemu alikuwa amesimama mlangoni, mtoto begani.

"Weka hapo chini, wifi," alisema.

"Nimfute kichwa tu, joto lishuke."

"Weka hapo chini."

Akaweka. Sailesi alimbeba mtoto kwenye baiskeli kumpeleka zahanati, mkewe akikimbia nyuma. Hakuna aliyemwambia Jesitala abaki, hakuna aliyemwambia afuate. Majirani walijitokeza milangoni, wakatazama baiskeli ikiondoka, kisha wakamtazama yeye. Mmoja aliwaita wanawe ndani.

Alikaa kwenye kizingiti cha kichumba chake. Alitaka kumwombea mtoto, na alipofumba macho akagundua kwamba sala inakuja imechanganyika: Mungu, mponye Ulemu, Mungu, akifa hawa watanifanyaje. Alijaribu kuzitenganisha, kuitoa ya kwanza peke yake, safi, kama anavyostahili mtoto. Hazikutengana. Akainuka, akakunja kitenge, akatia sufuria ndani, akafunga. Hakujua angeenda wapi. Kwa Tionge kulikuwa na mama mkwe wake, na mabasi huenda na huko pia.

Walirudi jua likiwa linainama. Ulemu alikuwa mgongoni kwa mama yake, amelala, jasho limemtoka, pumzi zimetulia. Malaria, Sailesi alisema akiegemeza baiskeli. Amechomwa sindano, amepewa na dawa za kumeza. Alimjia dada yake uani, akacheka zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Unaona? Hakuna kitu, dada. Malaria tu."

"Nashukuru Mungu," Jesitala alisema.

"Hakuna aliyefikiria kitu."

"Najua, kaka."

Sailesi akageuka akaingia ndani. Baadaye Mama Ulemu akatoka na sahani ya nsima iliyofunikwa, akaiweka juu ya jiwe katikati ya uwanja, kati ya nyumba kubwa na kichumba, akarudi zake bila kumwita. Kuanzia siku ile chakula cha Jesitala kiliwekwa pale.

Jioni ile alikwenda akakichukua kabla hakijapoa. Alikula akiwa ameketi kando ya kifurushi chake, na alipomaliza hakukifungua.